Nilihesabu Sahani

Naanza na kosa langu, ili mtu asije akasema nilimzungusha. Mwaka ule watu walipokuwa wanavuka kutoka Burundi usiku na mchana, mtoto mmoja wa kike wa miaka kama tisa alikaa mbali na mama yake wiki saba zaidi ya ilivyopasa. Sababu ya wiki hizo saba haikuwa vita, haikuwa ziwa, wala haikuwa serikali. Sababu ilikuwa mimi na kalamu ya bluu niliyopewa bure kwenye semina.

Semina yenyewe ilifanyika Kigoma mjini, kwenye ukumbi wenye feni moja iliyokuwa inazunguka pale inapojisikia. Tulikuwa wadadisi kumi na wawili. Mdadisi, kwa asiyejua, ni mtu anayelipwa kuwauliza wenzake mambo ambayo akiyauliza bila fomu ataitwa mmbeya. Mimi ni mtoto wa Ujiji na mdomo ninao, lakini hawakunichukua kwa ajili ya mdomo. Walinichukua kwa sababu mama yangu ni Muha wa Simbo, na anayejua Kiha anaelewana na Mrundi bila mkalimani. Waliosoma chuo pale ukumbini walikuwa wengi. Waliojua kuamkia "mwiriwe" jioni bila kuchekwa tulikuwa watatu.

Mkuu wa utafiti alikuwa daktari, wa wale wasiojua hata kufunga kidonda. Sisi tulimwita Mtaalamu. Alitoka mikoa ya kaskazini, mpole, msafi, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe Kigoma, jamani! Kwenye ule udongo wetu mwekundu ambao hata mbuzi wakipita wanatoka wamepakwa rangi. Hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba mtu huyu hakufanya utafiti kabla ya kuja kufanya utafiti.

Akachora mstari ubaoni. Upande huu data za idadi, upande ule data za maelezo. Akachora mwingine. Hapa data za msingi, zile unazozichota mwenyewe kwa mhusika. Hapa data za upili, zilizochotwa na mwingine ukazikuta. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, angesema kwa kifupi: maji ya kisimani na maji ya mtungi wa jirani. Mtaalamu alitumia saa mbili na chai ikapoa.

Akatuambia data za maelezo zina utajiri mkubwa sana, kwamba ndani yake ndimo alimo binadamu. Tukaandika. Kisha akatugawia dodoso la kurasa kumi na nne, visanduku vya namba mwanzo mpaka mwisho, na chini ya ukurasa wa mwisho mistari miwili mitupu ya "Maoni mengine". Basi binadamu alikuwa amepangishiwa humo, mistari miwili, choo cha nje.

"Kama hakuna la kuandika, acheni wazi," akasema.

Tukaacha wazi. Sisi ni watu watiifu.

Kilichofundishwa kwa mkazo zaidi ni maana ya kaya. Mimi nilidhani najua. Si nimekulia nyumbani? Kumbe sijui. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hata asiwe ndugu yenu, akishalala kwenu siku kadhaa na kula chungu chenu, huyo ni mwanakaya. Na hata awe umemzaa mwenyewe, kama hali chungu chako, hayumo. Tuliimba maneno hayo kama watoto wa chekechea, kisha tukapanda gari la mradi. Wiki moja tukafanya kwa wenyeji wa kando ya ziwa, maana Mtaalamu alitaka kujua wenyeji wanaathirika vipi. Kisha tukapanda milima hadi kambini, mwendo wa saa kadhaa wa vumbi na kugonga vichwa kwenye paa la gari.

Kambini ndiko swali la nne lilipotukalia kooni. Swali la nne lilisema: "Una watoto wangapi?"

Aliyetunga swali hilo hajawahi kukaa na Muha, sembuse Mrundi. Kwetu watoto hawahesabiwi. Unahesabu madebe ya mahindi, unahesabu samaki, lakini watoto ukiwahesabu kwa sauti unamwonyesha mtu mbaya wapi pa kupunguza. Bibi yangu akiulizwa idadi ya wajukuu alikuwa anajibu, "Wapo," na ukimuuliza tena anakuuliza wewe umetumwa na nani. Kwa hiyo tukiingia kwenye mahema na swali letu la nne, akina mama walitujibu vizuri kabisa: "Wapo." "Mungu ndiye anajua." "Imana ametusaidia," Mungu huyohuyo kwa Kirundi. Na kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha Imana.

Wenzangu waliosoma chuo walianza kubishana na akina mama. Mmoja, Mungu amsamehe, alianza kuwapanga watoto mstari nje ya hema awahesabu kwa kidole. Mama mwenye watoto alilia kama amefiwa, na majirani wakatoka na vijiti. Tukarudi garini mbio.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu kubwa. Mimi, mtoto wa Ujiji, mjukuu wa Simbo! Nikawaambia wenzangu: msiulize. Ingieni saa ya chakula, hesabuni sahani. Kila sahani ina mtu. Mama hasumbuliwi, watoto hawahesabiwi, namba inapatikana.

Mtaalamu alipoambiwa nusura anikumbatie. "Binti, hii ni akili," akasema mbele ya wote. "Umechanganya dodoso na ushuhudiaji. Umeondoa upendeleo wa mhojiwa. Mtu anaweza kudanganya, sahani haidanganyi." Kesho yake wadadisi wote kumi na wawili wakaagizwa wahesabu sahani, na mimi nikapewa uongozi wa timu. Nilitembea siku hiyo kichwa juu. Nilikuwa karibu kununua viatu vyeupe na mimi.

Mama ninayemsema nilimkuta siku mbili baadaye. Mwanamke wa makamo, mwembamba, khanga yake imefuliwa hadi maua yamefutika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa ndoo niikalie. Hema lilikuwa limefagiwa. Alikuwa na watoto watatu wadogo waliokaa wanatazama sufuria, na yeye anapakua ugali wa njano na mbaazi za msaada. Sahani za plastiki, kila moja na rangi yake. Akapakua moja, mbili, tatu, yake ya nne. Kisha akapakua ya tano, akaifunika na bakuli, akaiweka pembeni juu ya boksi.

Nikajua kuna mwingine ameenda kuchota maji. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, nani asiyeijua? Nikaandika tano. Nilipofika swali la tisa, "Mlitoka nyumbani wangapi?", sikulitamka, kwa sababu ningerudi kulekule kwa Imana. Nikajaza tano mwenyewe. Na dodoso letu lilikuwa na akili zake: kama waliopo ni sawa na waliotoka, ruka swali la kumi, nenda la kumi na moja. Nikaruka. Swali la kumi lilikuwa: "Kuna mwanakaya mliyepotezana naye njiani?"

Niliruka kwa furaha, nakiri. Ukiruka swali unawahi gari.

Mama alikuwa ananitazama. Aliniona nimekazia macho ile sahani iliyofunikwa, akaona na kalamu inaandika. Nilipoinuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Imana ibahezagire," Mungu awabariki, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikasema moyoni, mama huyu ana adabu kweli. Mistari ya "Maoni mengine" nikaiacha wazi.

Baada ya wiki saba Mtaalamu akatuita tena. Data ilikuwa inasafishwa. Ndivyo wanavyosema, kusafisha, utadhani imetoka shambani. Namba zetu, ambazo ni data za msingi, zilikuwa zimewekwa bega kwa bega na orodha ya kadi za mgao, ambayo ni data ya upili, na baadhi hazikupatana. Kaya ya mama yule ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi niliyopewa. Sisi tulisema tano. Orodha ya kadi, iliyoandikwa getini siku ya kuingia na mtu aliyegusa vichwa, ilisema nne. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mtu hewa?" Maana yake mama ameingiza mtu asiyekuwepo ili azidishiwe chakula, na kadi yake inaweza kuzuiwa hadi ajieleze. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Nyasi yenyewe hapa ilikuwa na watoto watatu wanaokula mbaazi.

Nilipanda kambini nikiwa na hasira naye, mtanisamehe. Nilijisemea: sahani yangu imenidanganya, mama huyu ameniharibia jina.

Aliponiona kwa mbali alisimama. Hakungoja nimwamkie. Aliacha nguo alizokuwa anafua, akaja na mikono ina povu.

"Mmempata?"

"Nani, mama?"

"Mtoto wangu. Uliyemwandika."

Niliangalia ndani ya hema. Ile sahani ilikuwa palepale juu ya boksi, imefunikwa.

 Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Maana nilijua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mjomba wangu mmoja alienda Tanga kukata mkonge kabla sijazaliwa, na bibi yangu kule Simbo alimwekea chakula kila siku, kimefunikwa, hadi yeye mwenyewe anaingia kaburini. Mtoto asiyejulikana alipo hawekewi matanga, anawekewa chakula. Nimekula mara ngapi ugali wa mjomba huyo asubuhi yake, umepoa, wenye chumvi kidogo? Nilikuwa najua maana ya sahani iliyofunikwa kuliko ninavyojua maana ya kaya. Lakini nilikuwa nimeenda semina.

"Mama," nikasema, "sikumwandika kwamba amepotea. Niliandika yupo."

Akafuta povu kwenye khanga. Sikutegemea apige kelele, wala hakupiga.

"Uliihesabu?"

"Niliihesabu."

"Na hukuniuliza ni ya nani."

Nikainamisha kichwa. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani. Hatukuambiwa kwamba kutouliza ndio ujinga wenyewe. Labda walidhani tutajiongeza.

Akanikalisha kwenye ndoo ileile na sasa akanisimulia. Walifika Kagunga kwa miguu. Kagunga ni kijiji cha mpakani, upande wetu, kilichobanwa kati ya mlima na maji, barabara hakuna, na siku hizo ufukwe ulijaa watu hadi huoni mchanga. Walikaa pale siku nyingi, watu wanaharisha, watu wanazikwa. Ikaja boti ya dagaa ya watu wa Kibirizi. Mwenye boti akasema anachukua wazee na watoto wachache, wengine wangoje meli. Bibi mmoja jirani yao akapanda, akamshika binti mkono, akamwambia mama, tutakungoja Kigoma. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine ana homa. Akaona ni bahati. Meli ikaja baada ya siku tatu, ikawashusha Kigoma, wakapakiwa mabasi, wakaletwa kambini. Bibi hayupo, binti hayupo.

"Hukwenda kwenye dawati la watoto waliopotea?" nikamuuliza. Loo, sasa ndio nilikuwa nimejua kuuliza.

"Nilikwenda. Wakaniuliza kama nimeshaandikwa. Nikasema ndiyo, binti wa kalamu ya bluu ameniandika, aliiona sahani. Wakasema basi ngoja."

Akangoja. Kutoka kambini bila kibali hawezi. Kila gari jeupe likipita alisimama njiani. Wiki saba, kwa sababu mimi niliruka swali la kumi nikawahi gari.

Nilishuka hadi ofisi ya mradi nikamweleza Mtaalamu. Alisikitika, sitamsingizia, alivua miwani akaifuta. Kisha akasema, "Hili linagusa sana. Lakini tuwe makini. Taarifa za mhojiwa ni siri, hatuwezi kuzitumia kumtafuta mtu. Na zoezi limeshafungwa." Akafikiri. "Toa mmoja. Weka nne, ipatane na kadi. Halafu hayo mengine yaandike kwenye Maoni mengine, ni data nzuri sana ya maelezo."

"Daktari," nikasema, "huyu ni mtoto."

"Najua, binti. Ndiyo maana nasema yaandike."

Nikaandika nne, kwa sababu nne ilimwokoa mama na kalamu nyekundu. Mistari miwili nikaijaza hadi pembezoni, mgongo wa karatasi, hadi kalamu ikaichana. Kisha nikaomba ruhusa, nikasema naumwa. Haikuwa uongo.

Nilikwenda Kibirizi, ufukweni karibu na Kigoma mjini, boti za dagaa zinakotia nanga. Sikuwa na sampuli, sikuwa na dodoso, sikuwa na kibali cha utafiti. Nilikuwa na maneno matatu: bibi, binti, boti ya dagaa. Asubuhi ile wanawake walikuwa wanaanika, mchanga wote umemetameta, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe. Nikawaamkia, nikakaa, nikasaidia kutawanya dagaa kidogo ili nisionekane nimekuja na mikono ya ofisini. Nikauliza. Wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja akasema boti ilikuwa ya fulani, mwingine akasema thubutu, ya fulani ilikuwa imepasuka; wa tatu akasema bibi kweli alishuka, alikuwa ameshikwa na tumbo, alikimbizwa hospitali na hakurudi, Mungu amrehemu. Na mtoto? "Si yupo kwa mama yule wa nyumba ya mwisho, kabla ya kupanda kilima! Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Utafiti wa wanawake wa Kibirizi ulichukua muda usiozidi kuanika beseni mbili, na hawakunywa chai ya semina.

Nikafuata njia waliyonionyesha. Nilipokaribia nyumba ya mwisho nikapunguza mwendo. Niliujua ule uzio wa matete. Nilikijua kile kipande cha nyavu kuukuu kilichotundikwa mlangoni, na kigoda cha miguu mitatu, mmoja umefungwa waya. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda hicho. Wiki ile ya wenyeji, mwanzo kabisa, kabla hata sijapanda kambini, nyumba hii iliangukia kwenye orodha yangu. Niliihoji mimi, kwa kalamu yangu.

Mwenye nyumba akatoka anafuta mikono. "Karibu tena, mwanangu! Umesahau nini?"

Nikakaa chini, si kwenye kigoda, chini. Akanikumbusha mwenyewe, anacheka, hajui ananichoma. Siku ile nilimuuliza wanakula chungu kimoja wangapi. Akanijibu, watano na huyu mgeni wetu. Mimi nikamwuliza mgeni amekaa muda gani. Akasema wiki ya tatu sasa. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, basi mama, kitaalamu huyo si mgeni tena, ni mwanakaya. Nikaandika sita. Mama akafurahi, alidhani nimemhalalisha mtoto.

"Nilikwenda hata kwa mwenyekiti wa mtaa," akasema. "Akaniandika kwenye daftari. Ukaja wewe, nikasema afadhali, sasa ameandikwa mara mbili, watu wake watapatikana. Kwani wametokea?"

"Wametokea, mama."

Akashika kifua. Akapaza sauti kuita nyuma ya nyumba.

Binti akaja ana magamba ya samaki mikononi. Mrefu kidogo kuliko nilivyomdhania, au sikumdhania kabisa. Aliniangalia usoni moja kwa moja, wala hakuonyesha kushangaa.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza kwa Kirundi. Hakuuliza mimi ni nani.

Nikamwambia yuko kambini, yeye na wadogo zake, wote wazima.

Akatikisa kichwa polepole. "Siku ile ulikuja na karatasi. Nikakuletea maji. Nilijua umetumwa na mama."

 Mwenye nyumba alidhani nalia kwa furaha, akanibembeleza kwa maneno mazuri ambayo sikuyastahili.

Barua za kumruhusu binti asafiri zilichukua siku tano. Barua ya mwenyekiti, barua ya ustawi wa jamii, muhuri, na mwenye muhuri kaenda msibani. Siku ya sita tulipanda gari, binti amekaa kati yangu na dereva, ana kifurushi cha dagaa alichofungiwa na yule mama ambaye alilia hadi khanga ikalowa.  Tulipoacha kuliona ziwa ndipo aliponigeukia.

"Uliandika nini siku ile?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mtoto. Lakini nilikuwa nimechoka kujaza majibu ya watu.

"Niliandika sita."

"Sita nini?"

"Watu sita. Na wewe ndani yake."

Akafikiria. "Na jina langu?"

"Hapakuwa na pa kuandika jina."

Akageukia dirishani. 

Sitaeleza sana walivyokutana. Mama hakupiga vigelegele wala hakuanguka. Alimshika uso, akamgeuza huku na huku, akamkagua masikio, shingo, nyayo za miguu, akamnusa kichwani, kisha wakakaa chini wote kwenye vumbi. Wale wadogo wakawa wanamzunguka dada yao wanamgusa na kukimbia. Nilisimama kando nimeshika kifurushi cha dagaa.

Nilipoona ni wakati wa kuondoka nikamsogelea kumuaga. Nilitegemea anishukuru, msinicheke. Mtu hata akikosa anapenda kushukuriwa. Hakunishukuru. Aliniuliza, binti yake akiwa bado mapajani, "Kwenye mahema mengine nako ulihesabu sahani?"

"Ndiyo, mama."

"Na wenzako?"

"Na wenzangu. Niliwafundisha mimi."

Akanyoosha mkono, ule usiomshika mtoto, akanielekeza kwenye mstari wa mahema. "Yule mzee wa hema la tatu naye anafunika sahani. Nenda."

Nikaenda. Jua lilikuwa bado juu. Nilimkuta mzee ameketi nje anachonga mpini wa jembe, nikamwamkia shikamoo, mzee. Alinitambua, au aliitambua kalamu. Akaweka kisu chini, akainuka kwa shida akijishikilia kwenye nguzo ya hema.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi," akasema, na akachungulia nyuma yangu aone nimekuja na nani.